Tone la Kisigino Mafinga, Uloto Dodoma

Mtoto wa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI huletwa kliniki akiwa na wiki 4 hadi 6. Muuguzi hukipasha joto kisigino chake, hukisafisha kwa pamba yenye spiriti, hutoboa pembeni kwa kisindano kifupi na kulifuta tone la kwanza. Matone yanayofuata huachwa yadondokee kwenye kadi ya karatasi nzito iliyochapwa duara tano, moja baada ya nyingine, mpaka damu ipenye upande wa pili. Kadi hiyo hulazwa ikauke kwa saa kadhaa mbali na jua. Mafinga iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, na kwa ukungu wa Juni na Julai kazi ya kukausha haina haraka. Ikishakauka hutiwa kwenye mfuko pamoja na vijiwe vya kunyonya unyevu, hufungwa, na kusafirishwa kwa barabara ya TANZAM hadi maabara. Wahudumu huiita DBS. Akina mama wengi huiita kadi tu.

Maabara huiuliza kadi hiyo swali moja: mtoto ana virusi au hana? Swali ni la haki, na limeokoa watoto wengi, kwa sababu aliyeambukizwa huanzishiwa dawa mapema. Hata hivyo kipimo hutumia sehemu ndogo ya damu iliyomo, na duara zinazobaki huishia kwenye hifadhi bila kuulizwa kitu kingine. Ninachodai katika safu hii ni kwamba ziulizwe swali la pili, la selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Nadai pia kwamba kwa mtoto wa Nyanda za Juu Kusini swali hilo ndiyo hatua ya kwanza ya tiba inayogusa seli shina za damu. Habari za kupandikiza uloto zimetushika masikio, na ni habari njema, lakini tumekimbilia kuezeka wakati msingi haujachimbwa.

Tuanze na seli zenyewe. Seli nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, hasa kwenye bandama na ini. Ili pengo lisionekane, mwili wa mtu mzima hutengeneza seli nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku, yaani zaidi ya milioni 2 kwa sekunde moja. Kiwanda chake ni uloto, ule ute mwekundu uliomo ndani ya mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. (Uloto tunaoufyonza kwenye supu ya mfupa mrefu wa ng'ombe mzima ni wa njano kwa sababu sehemu kubwa ni mafuta, na kiwanda pale kimeshafungwa.) Seli nyingi za kiwandani ni vibarua wa siku chache: hugawanyika, hukomaa, huingia kwenye mishipa na kwisha. Chanzo cha vibarua hao wote ni kundi dogo la seli shina. Watafiti waliofuatilia mabadiliko madogo ya DNA katika damu ya mtu mmoja mzima, na kuchapisha kazi yao mwaka 2018, walizikadiria kuwa kati ya 50,000 na 200,000 tu. Kila seli shina ina uwezo wa aina mbili ambao kibarua hana. Hujizalisha yenyewe ili isiishe, na huzaa kila aina ya seli ya damu: nyekundu za kubeba oksijeni, nyeupe za kinga na chembe sahani za kugandisha damu.

Ushahidi wa kwanza ulio thabiti ulitoka Toronto mwaka 1961. James Till na Ernest McCulloch waliua uloto wa panya kwa mionzi, wakawachoma sindano ya seli za uloto wa panya wazima, kisha wakapasua na kutazama bandama zao. Walikuta vinundu. Wakahesabu, na idadi ya vinundu ilipanda kadiri walivyoongeza seli walizochoma. Baadaye ikathibitika kwamba kila kinundu kilitokana na seli moja. Hapo ndipo jambo ambalo madaktari walikuwa wakilikisia lilipopata kipimo: ukimwondolea kiumbe uloto wake na kumpa seli shina chache za mwingine, damu yake yote inaweza kuota upya kutokana na hizo chache.

Sasa tazama sikoseli kwa jicho hilo. Kosa lenyewe ni dogo ajabu: herufi moja ya DNA katika jeni ya himoglobini, inayobadili kiungo kimoja tu cha protini hiyo. Mtoto akirithi kosa hilo kwa baba na kwa mama, kila seli shina katika uloto wake inalo, na kwa hiyo kila seli nyekundu itakayozaliwa maisha yake yote italibeba. Oksijeni ikipungua, himoglobini hujipanga kama vijiti na seli hupinda kama mundu. Seli iliyopinda hukwama kwenye mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu makali ya mifupa, vidole vya kichanga vinavyovimba, na wakati mwingine kiharusi kwa mtoto wa shule. Huvunjika pia upesi, ndani ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, kwa hiyo uloto hufanya kazi usiku na mchana na bado haufikii mahitaji. Bandama nayo huharibika mapema, na mtoto hukosa ngao dhidi ya bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa tunaouona kwenye mifupa, kifuani na kichwani una mzizi mmoja, nao uko kwenye seli shina.

Ndiyo maana wazo la kubadilisha uloto wote linavutia. E. Donnall Thomas alianza kuwapa wagonjwa uloto wa watu wengine mwaka 1957, akakumbana na miaka mingi ya kushindwa, na mwaka 1990 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, waliripoti msichana aliyepandikizwa uloto kwa sababu ya saratani ya damu, na sikoseli aliyokuwa nayo ikaondoka pamoja na saratani hiyo. Tanzania haikubaki nyuma milele. Muhimbili ilianza kupandikiza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya uloto, kwa kutumia seli zao wenyewe zilizovunwa na kurudishwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye sikoseli, na hao hupewa uloto wa ndugu. Mtoto hupewa dawa kali zinazofuta kiwanda chake cha zamani, kisha mfuko wa seli za ndugu yake huning'inizwa na kuingia kwenye mshipa kama damu ya kawaida. Seli shina hutafuta njia zenyewe hadi kwenye mifupa. Zinafikaje bila kuelekezwa ni habari ndefu ya kemia, na kwangu haijaacha kunishangaza. Baada ya wiki mbili tatu hesabu ya seli nyeupe huanza kupanda, na wazazi hupata usingizi.

Matokeo yake ni mazuri. Uchambuzi wa kimataifa wa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa 1,000 wa sikoseli waliopewa uloto wa ndugu anayelingana, ulikuta zaidi ya asilimia 90 wako hai na hawana ugonjwa baada ya miaka mitano. Atakayesema tiba hii ni mzaha wa matajiri hajasoma. Kinachonisumbua ni hesabu inayotangulia chumba cha upandikizaji. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa kwa vitambulisho vya kinga. Lakini ndugu huyo anaweza naye kuwa mgonjwa, kwa sababu wazazi ni walewale wenye vinasaba vya mundu, na nafasi yake ya kutougua ni tatu kati ya nne. Zidisha mbili hizo: nafasi ya ndugu yeyote mmoja kufaa ni tatu kati ya kumi na sita. Mtoto mwenye ndugu watatu, familia ya kawaida kabisa huku kwetu, hafikii hata nusu ya uwezekano wa kumpata mmoja anayefaa. Anayebeba kinasaba kimoja tu bila kuugua anaruhusiwa kuchangia, na hilo nimeshalihesabu humo. Weka pembeni gharama, weka pembeni hatari ya dawa zile kuathiri uzazi wa baadaye, weka pembeni seli za kinga za mchangiaji kuuona mwili mpya kuwa adui. Hata kama fedha zote zingepatikana kesho, zaidi ya nusu ya watoto hao wangekosa wa kuwachangia.

Kisha kuna ukubwa wa tatizo. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, idadi inayotuweka miongoni mwa nchi chache zinazoongoza duniani nyuma ya Nigeria, Kongo na India. Kitengo kinachopandikiza watoto 100 kwa mwaka, nacho kingekuwa kitengo kikubwa popote ulimwenguni, kingefikia chini ya mmoja katika kila mia. Makadirio ya Afrika kwa jumla, pale ambapo watoto hawapimwi wala kuhudumiwa, ni kwamba kati ya nusu na tisa ya kumi yao hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Hao hawatafika Dodoma. Wengi wao hawatafika hata kwenye daftari la wagonjwa wa sikoseli, kwa sababu cheti kitaandikwa nimonia, malaria au upungufu wa damu.

Je, kuna njia ya kuisaidia seli shina bila kuing'oa? Ipo, na inatokana na jambo aliloligundua daktari wa watoto Janet Watson mjini New York mwaka 1948. Alitazama damu ya vichanga waliorithi sikoseli na kuona seli chache tu zilizopinda. Akasema sababu ni himoglobini ya tumboni, aina ambayo kijusi hutumia kabla ya kuzaliwa na ambayo hupungua taratibu katika miezi ya mwanzo. Aina hiyo haijipangi vijiti, tena huzuia ile mbovu isijipange. Mtoto huzaliwa na kinga yake mfukoni, na mwili humnyang'anya kabla hajaanza kutambaa.

Miaka mingi baadaye ikaonekana kwamba dawa ya vidonge iitwayo haidroksiyurea huuchochea uloto kurudia kutengeneza himoglobini ya tumboni. Jaribio la REACH, lililochapishwa mwaka 2019, liliwapa dawa hiyo watoto 606 katika vituo vinne: Luanda, Kinshasa, Mbale ya Uganda na Kilifi ya Kenya. Ukilinganisha na kipindi cha kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, mara za kuongezewa damu zilishuka kutoka 43 hadi 14, malaria kutoka 47 hadi 23, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, huchukua seli shina za mgonjwa, huzima swichi iliyoizima himoglobini ya tumboni, na kuzirudisha. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kidonge na maabara ya jeni vinabisha mlango uleule. Maabara inaufungua moja kwa moja, na kidonge kinaushikilia kwa mkono kila siku. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaidharau, lakini kwa mzazi wa Mafinga kidonge kinaweza kufika kwa basi.

Mtaalamu makini atanikatiza hapa: REACH haikuwa na kundi la kulinganisha, na watoto wanaoangaliwa kila mwezi na watafiti hupona zaidi hata wakipewa maji. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu. Ndiyo sababu jaribio la NOHARM la Mulago, Kampala, lina uzito wake. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017: watoto 207, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa. Hofu kubwa wakati huo ilikuwa kwamba dawa inayoubana uloto ingewaachia watoto malaria. Malaria haikuongezeka, na waliopewa dawa walipata maumivu machache. Dawa yenyewe haichezewi: hushusha seli nyeupe ikizidi, na inataka damu ihesabiwe mara kwa mara kwa mashine ya picha kamili ya damu. Kwa hiyo anayeitaka dawa hii Mafinga aitake pamoja na mashine inayofanya kazi na kemikali zake zisizokwisha katikati ya mwezi.

Lakini kidonge hakimsaidii mtoto asiyejulikana, na hapo saa ndiyo jambo lenyewe. Himoglobini ya tumboni hushuka, na kufikia miezi sita hivi mtoto yuko wazi. Maambukizi ya bakteria yanayoua kwa saa chache huanza hapo. Penisilini ya kumkinga inatakiwa ianze katika miezi ya mwanzo, na haidroksiyurea huweza kuanza akiwa na miezi tisa. Kadi ya wiki sita inaangukia kabla ya mlango huo wa hatari kufunguka. Sidhani kama ungeweza kupanga tarehe nzuri zaidi kwa makusudi. Kuna sharti moja la kiufundi: kile kipimo cha zamani cha kuangalia seli zikipinda kwenye darubini hakifai kwa umri huu, kwa sababu himoglobini ya tumboni bado ni nyingi na huficha jibu. Kinatakiwa kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini moja moja, na damu iliyokauka kwenye karatasi inatosha kukifanya.

Hili limeshafanyika. Uganda ilichukua kadi za vichanga zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya virusi, karibu 98,000, na mwaka 2016 ikachapisha ramani yake: asilimia 13.3 wana kinasaba kimoja, asilimia 0.7 wana ugonjwa, na wilaya zinatofautiana sana. Kwetu, watafiti wa Bugando, Mwanza, walipima kadi za namna hiyo 17,200 kutoka Kanda ya Ziwa na kutoa matokeo mwaka 2020: asilimia 20.3 wana kinasaba kimoja, na watoto 210 wana ugonjwa. Hakuna kisigino kilichotobolewa upya kwa ajili hiyo.

Nyanda za Juu Kusini zina kadi nyingi, kwa sababu ya huzuni tunayoijua. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha maambukizi ya virusi kwa watu wenye miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mikoa iliyobeba mzigo mkubwa zaidi ndiyo iliyozoea zaidi kutoboa kisigino, kukausha, kufunga na kusafirisha. Wauguzi wake wameshajua kwamba tone lililoganda halifai na kadi iliyoloa hurudishwa. Ujuzi huo una thamani, nasi tunautumia nusu.

Pingamizi kubwa kuliko yote huja kutoka kwa watu wa hukuhuku: sikoseli si ugonjwa wa baridi. Lina mizizi ya kisayansi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja cha mundu hukingwa dhidi ya malaria kali, na kwamba kinasaba hicho ni kingi penye malaria na haba pasipo nayo. Njombe na Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Basi, wanasema, mtafuteni mundu Musoma na Bagamoyo, mtuachie sisi nimonia yetu.

Nakubali msingi na nakataa hitimisho. Kinasaba kilichaguliwa na mbu wa karne nyingi, lakini watu hawakai kwenye ramani ya mbu. Mafinga imejengwa na wanaokuja. Shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote nchini, linaita wapasuaji na wapakiaji. Chai ya Mufindi inaita wachumaji. Mgololo ina kiwanda cha karatasi. Kambi ya JKT inapokea vijana wa kila mkoa. Na malori ya TANZAM yanalala hapo. Ukishuka ukingo wa Mufindi upande wa mashariki uko Kilombero, bonde la joto na mpunga. Upande wa Mbeya kuna Usangu na Kyela. Hata mkoa wa Iringa wenyewe si milima mitupu: waulize wa Pawaga na Idodi kama hawana mbu. Watu hawa huoana, na mtoto wao huzaliwa kwenye baridi akiwa na damu ya bondeni. Baridi yenyewe ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana vya maumivu ya sikoseli, kwa sababu mishipa hujibana na seli hukwama. Mtoto huyo anaugulia mahali pabaya, mbele ya mhudumu ambaye amefundishwa na mazoea kutomtarajia. Palipo na wagonjwa wengi, hata bibi anaijua dalili ya vidole vilivyovimba. Palipo na wachache, mtoto hupewa dawa ya baridi yabisi.

Mwinuko unaongeza utata mwingine ambao hausemwi sana. Hewa ikiwa nyepesi, figo huagiza uloto uongeze seli nyekundu, kwa hiyo mtu mwenye afya wa Mafinga ana himoglobini ya juu kuliko wa Tanga. Shirika la Afya Duniani huagiza kiwango cha kupima upungufu wa damu kirekebishwe kwa mwinuko, na kwa urefu wa Mafinga marekebisho ni karibu gramu moja kwa desilita. Mtoto anayesomeka amepungukiwa kidogo kwa jedwali la pwani amepungukiwa zaidi kwa jedwali la mlimani. Damu yake inasomwa vibaya hata kabla hatujauliza kama ina mundu.

Wapo wanaosema kadi hizi ni za watoto wa kundi moja tu, kwa hiyo tutawapima wachache na kuwaacha wengi, tena tutaunganisha sikoseli na unyanyapaa wa UKIMWI. Hofu ya unyanyapaa ni ya haki. Jibu langu ni kwamba kadi hizi zitumike kuchora ramani ya wilaya kwa wilaya, bila majina kwenye ripoti, na kumtafuta kimyakimya mzazi wa mtoto aliyekutwa na ugonjwa, aliyekwisha kuridhia kipimo tangu mwanzo. Ramani ikishasema Mufindi ikoje na Mbarali ikoje, kipimo cha wote kiwekwe kwenye ziara ya chanjo ya wiki sita, ambako mama wa kila hali hufika. Ikionekana wilaya fulani haina mgonjwa, tutakuwa tumeokoa fedha kwa ushahidi badala ya kwa mazoea.

Lipo pia swali gumu zaidi: kumpima mtoto ambaye huna cha kumpa si ukatili? Ungekuwa ukatili kama kweli tusingekuwa na kitu. Penisilini ipo kwenye kituo cha afya. Chanjo ya nimonia imo katika ratiba ya taifa tangu 2013. Chandarua kipo kwa atakayesafiri kwenda bondeni. Elimu ya kumpapasa mtoto tumboni ili mama ajue bandama imevimba ghafla haihitaji mashine, na mama huifahamu kwa somo moja. Kinacholegalega ni haidroksiyurea ya uhakika na damu. Damu ya kanda hupitia kituo cha Damu Salama cha Mbeya, na wachangiaji wake wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, friji hubaki nusu. Hata wodi ya kupandikiza uloto haiwezi kufanya kazi bila damu hiyo, kwa sababu kati ya kufuta kiwanda cha zamani na kuota kipya mtoto huishi kwa seli nyekundu na chembe sahani za watu asiowajua.

Nimeulizwa pia kwa nini nazungumzia uloto mkoani Iringa bila kutaja kwamba umeshaponya UKIMWI. Ni kweli: Timothy Ray Brown alipandikizwa Berlin mwaka 2007, Adam Castillejo London mwaka 2016, na wengine wachache baadaye. Wengi wao walipewa uloto wa mtu mwenye badiliko adimu la jeni linalovifungia virusi mlango, badiliko ambalo kwa Waafrika karibu halipo. Wote walikuwa na ugonjwa mwingine wa kuua, hasa saratani ya damu, uliohalalisha hatari ya dawa zile. Mwenye virusi anayemeza dawa zake hahitaji kuhatarisha maisha kwa njia hiyo, na atakayeacha dawa akisubiri uloto atakufa akisubiri.

Kwa waganga wakuu wa mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, ombi langu ni dogo: kadi za miaka miwili iliyopita ziko kwenye hifadhi, ziombewe kibali cha maadili na zipimwe. Kwa mzazi, usisubiri ramani hiyo. Mtoto akivimba vidole vya mikono au miguu bila kuumia, macho yakawa ya njano, au akahitaji kuongezewa damu bila sababu iliyo wazi, omba kipimo cha sikoseli kwa jina lake. Omba kichukuliwe kabla mfuko wa damu haujatundikwa, kwa kuwa akishaongezewa, seli za mchangiaji huchanganyika na zake, na jibu la kuaminika litapatikana baada ya miezi mitatu hivi.